Siku Uliyorudi Kutoka Ngong

Mumbua,

Mambo ya sabuni, soksi na nauli mama yako amekwisha kukuambia, na kesho asubuhi atakuambia tena ukiwa umesimama mlangoni. Mimi sitayagusa. Ninakuandikia nikiwa dukani. Mvua inapiga mabati na kaunta ni tupu, maana hakuna mtu anayenunua misumari katika mvua kama hii. Wewe umekuja na rafiki yako Wangari kuwaaga wenzako huku huku Kawangware, labda mko mtaa wa pili tu kutoka hapa, na bado naona ni rahisi kukuandikia kuliko kukuita. Ndivyo nilivyo. Umeshanizoea.

Kuna jambo moja ninalotaka kulimaliza kabla hujaondoka. Januari, siku uliyorudi kutoka Ngong, nilikutamkia neno. Unalikumbuka. Mama yako pia analikumbuka, na tangu ulipofunga mizigo haachi kuniuliza: "Baba Mumbua, kweli utamwacha mtoto aende na neno hilo mgongoni?" Kwetu Ukambani neno la mzazi halifutwi kwa kunyamaziwa. Hukaa pale lilipowekwa kama jiwe la mpaka, hadi aliyeliweka aje mwenyewe aling'oe. Nimesoma hadi kidato cha nne, na kanisani ninaimba sauti ya nne, lakini katika jambo hili sina ujasiri wa kusema ni upuuzi. Unaenda kufanya kazi mlimani, na neno langu lilikuwa juu ya mlima.

Acha nianze mbali kidogo.

Wewe ulizaliwa Kibera na ukajua kutembea kwa raha. Mimi sikujua kwamba kuna kitu kama hicho. Tangu nianze kazi hapa Kawangware, kituo cha 56, nimekuwa nikitoka nyumbani alfajiri, napita nyuma ya maghorofa ya Nyayo Highrise, navuka Ngong Road, nafika dukani kabla tajiri hajafungua kufuli. Jioni narudi hivyo hivyo. Sisi tunatembea kwa sababu nauli ni unga. Kwa hiyo siku ile nyinyi vijana wa kanisa mlipokuja na karatasi yenu mkaniomba gundi, niliwapa gundi, lakini sikuelewa mnachofanya. Mliibandika kwenye ukuta wa duka, kati ya tangazo la kitambulisho kilichopotea na lile la mkesha wa maombi: "Matembezi. Ngong Hills. Kila Jumamosi ya tatu. Beba maji na kitu cha kula. Wote mnakaribishwa."

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri nimkatie bomba aliisoma kwa sauti, akanigeukia.

"Fundi, hebu nieleze. Mtu analipa nauli hadi Ngong, ili aende atembee?"

"Ndivyo imeandikwa."

"Na huko juu kuna kazi?"

"Hakuna."

"Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna."

"Basi hao wameshiba," akasema, na duka zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Ulikuwa umesimama nje, Mumbua. Baadaye ndipo nilipokuona. Ulikuwa hujanywa hata chai siku hiyo, kwa hiyo nilijua vizuri kwamba hamkuwa mmeshiba.

Unajua ule ukuta niliutunza kama shamba. Kila Jumatatu nilibandua matangazo yaliyopitwa na wakati, nikaacha yaliyo hai. Na unaijua shajara yangu, mnaicheka wewe na mama yako. Naandika tarehe, naandika habari nilizosoma katika gazeti la kukodi pale kwa muuzaji, bei ya saruji, nani amefiwa, nani ameoa, maji yamekuja au hayakuja. Juzi niliipekua nikitafuta siku uliyozaliwa. Nikagundua kwamba kwa miaka yote hiyo anga imo mle ndani kwa maneno mawili tu. Mvua. Jua. Mtu akiisoma atadhani niliishi chini ya sufuria.

Kisha ikaja Desemba, tukapiga kura, na matokeo yakatangazwa, na nchi ikawa kama nyumba ambayo mtu amevuta nguzo ya katikati. Sina haja ya kukueleza, ulikuwepo. Lakini kuna jambo ambalo sikukuambia wakati ule, nalo ni jinsi nilivyogeuka. Duka lilifungwa. Gazeti halikufika. Redio ilipiga nyimbo pale ambapo habari zilipaswa kuwa. Basi kila mtu akawa gazeti. Simu ikilia nilishtuka, maana kila ujumbe ulikuwa na orodha ya watu wanaokuja kutumaliza, na kila upande ulikuwa na orodha yake. Halafu mgombea wa kwetu alipoingia serikalini, sisi Wakamba tukaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Mama wa mlango wa pili, yule tuliyekuwa tukiombana chumvi, alianza kunisalimia akiwa anatazama miguu yangu. Nami nikaanza kutazama mikono ya watu kabla sijatazama nyuso zao. Sikuwa hivyo. Nilikuwa mtu wa kuandika bei ya saruji.

Tajiri alifungua duka nusu siku katikati ya mwezi. Nikakuta karatasi yenu bado iko ukutani. Nikaibandua. Sikufikiri mara mbili. Niliona imepitwa na wakati kuliko matangazo yote, maana nani angepanda kilima wakati huo? Kesho yake ilikuwepo nyingine mahali pale pale, na niliutambua mwandiko. Hiyo nayo nikaibandua. Hatukuzungumza. Nilidhani nimekuambia, nawe nadhani ulifikiri umenijibu.

Jumamosi ya tatu ya Januari ulisema unaenda mazoezi ya kwaya. Mchana nilisikia watu wakikimbia upande wa chini, nikaenda kanisani kukuchukua. Mlango ulikuwa na mnyororo. Mlinzi akaniambia, "Kwaya? Mzee, hapa hakujakuwa na kwaya tangu Krismasi."

Sijui kama siku moja utakuwa na mtoto. Ukiwa naye ndipo utajua ule mnyororo ulivyokuwa. Nilijaribu kukupigia, simu haikuwa na salio, na kadi za simu zilikuwa zimekwisha madukani mtaa mzima. Nilikwenda hadi hapa 56 kwa miguu nikiuliza, nikarudi kwa njia nyingine nikiuliza. Niliuliza hata watu ambao sikupaswa kuwauliza. Kijana mmoja mwenye rungu aliniambia, "Buda, rudi nyumbani, hii si siku ya kutafuta watu." Nilirudi. Mama yako alikuwa amepika muthokoi wa mahindi na maharagwe na haukuwa na mtu wa kuula.

Jua likiwa linazama ukaingia. Ulikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, majani makavu kwenye nywele, midomo imepasuka kwa upepo. Na uso wako! Nilikuwa nimejitayarisha kwa uso wa mtu aliyekimbizwa. Badala yake uling'aa kama wa mtu aliyetoka kuitwa jina lake na mfalme. Hukuniomba hata msamaha. Ulisema tu, "Baba, tumeona Kilimanjaro huku, na Mlima Kenya huku! Siku moja, tukiwa tumesimama mahali pamoja!"

Nikakuambia Mlima Kenya hauonekani kutoka huku, hizo ni hadithi za vitabu vya watalii.

Ukasema, "Baba, nimeuona."

Hapo ndipo nilipolisema. "Kama mlima unakupenda hivyo, basi na ukulee. Mimi sina mtoto wa kuzurura vilimani watu wakizikana."

Mama yako alikuwa na mwiko mkononi. Aliuweka chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Wewe ulivua viatu, ukavipanga nje ya mlango, ukaenda kulala bila kula. Mimi nilikula, Mumbua. Nilikula sahani nzima ili ionekane kwamba nilichosema ni cha kawaida.

Zilipita siku nyingi kabla sijajua kwa nini mlikwenda. Wangari ndiye aliyeniambia, alipokuja kununua bawaba ya mlango wa mama yake, ule uliovunjwa. Alisema, "Mzee, tulikuwa tumeogopa. Lakini tuliambiana, kundi letu lina kila kabila. Tukikosa hii Jumamosi moja, Jumamosi ijayo hatutakuwa kundi, tutakuwa makabila. Kwa hivyo tukaenda. Tulipanda tukiwa kimya, kila mtu akiogopa mwenzake kidogo. Tukashuka tukiimba." Nilimpa bawaba nikashindwa kumwambia bei.

Sasa nikuambie kuhusu paa moja, ambalo nimekuwa nikilizunguka bila kulisimulia.

Unamfahamu Odhiambo, fundi wa mabomba wa pale Nyayo Highrise, yule Mjaluo wa kunitania kila siku kwamba Wakamba huoga kwa kikombe. Siku zile sikuwa nimemwona, na sikujua kama bado anaruhusiwa kunitania. Alfajiri moja, siku chache baada ya lile neno, alinitumia mtoto wa jirani: tangi la juu limepasuka penye koki, watu wa majumba mawili hawana maji, maduka yamefungwa, je, nina koki ya inchi moja? Nilikuwa nayo nyumbani, katika lile kopo langu la vipuri. Nikaenda.

Langoni palikuwa na wanaume wa zamu wamewasha moto, wameshika vyuma. Mmoja akauliza, "Huyu ni nani?" Nikanyanyua koki badala ya kutaja jina langu, maana kwa siku zile jina lilikuwa ndiyo hukumu.

Odhiambo akajibu kutoka ndani, "Huyo ni mtu wa koki! Mnataka maji ama mnataka ukoo wake?"

Wakanifungulia. Tulipanda ngazi hadi juu kabisa, na paani tulikuta wapangaji wamesimama na ndoo zao. Walikuwa wamejigawa, hawa upande wa tangi, wale upande wa ukuta, na katikati palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeikanyaga. Hakuna aliyesalimia. Nikapiga magoti, nikaanza kufungua koki ya zamani, Odhiambo akinishikia. Giza lilikuwa likiyeyuka. Sikuwa natazama popote isipokuwa mikono yangu, kama kawaida yangu.

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Halafu nyingine. Nikadhani kumetokea vurugu, nikainua kichwa.

Mumbua, mlima wako ulikuwa pale.

Mwanzo niliona kama karatasi iliyochanwa ikabandikwa pembeni mwa anga, mbali, ng'ambo ya majumba yote ya mjini. Nikajiambia ni wingu. Lakini mawingu hutembea, na kile hakikutembea. Kisha mwanga ukakifikia kutoka upande, na kikawa na meno, na juu ya meno palikuwa na weupe, na ule weupe ukageuka rangi ya ndani ya pera. Siku zile viwanda vilikuwa vimefungwa na magari hayakuwa barabarani, na kiangazi kilikuwa kimefagia mawingu yote. Sijawahi kuona hewa safi namna ile juu ya mji huu, na nilijua tulichoilipia. Nilisimama nikiwa na spana mkononi. Sikujua kwamba kitu kinaweza kuwa kikubwa hivyo na kisiseme neno.

Nikakumbuka pia jambo ambalo nilikuwa nimelisahau tangu utotoni. Babu yako alikuwa akituonyesha mlima huu kutoka vilima vya Iveti, kule nyumbani, tulipokuwa tukishuka na kuni wakati wa kiangazi. "Kiinyaa ule," alikuwa akiutaja kwa Kikamba, akielekeza kwa kidevu. Lakini mimi nilikuwa na mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, na mzigo wa kuni humtazamisha mtu chini. Nilisema, "Naam, nimeuona," bila kuinua shingo. Ndiyo maana nilikuambia hauonekani. Nilikuwa nimesimama mbele yake utoto wangu wote.

Pale paani sote tulikuwa bado tunautazama. Kisha Odhiambo akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Na huu, ulipigia nani kura?"

Mzee mmoja Mkikuyu wa upande wa ukuta, mwenye kofia ya sufu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mwanamke wa upande wa tangi, ambaye sikujua ni wa wapi, akavuka ile nafasi akampigapiga mgongoni. Sitakuambia kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Niliweka koki, maji yakatoka, wakateka, wakashuka kwa ngazi moja kila mtu akaenda kwake, na jioni ile ile kulikuwa na moshi tena upande wa chini. Lakini walikuwa wameutazama pamoja, na hakuna aliyeweza kurudi nyuma asiwe ameutazama.

Siku hiyo niliandika kurasa mbili katika shajara, na hakuna bei ya saruji hata moja. Na bado sikukuambia. Nilikukuta unafua nguo, nikakuambia tu kwamba nimemtengenezea Odhiambo koki. Ningeweza kusema maneno mawili, "ulisema kweli," nikayameza. Mtu aliyezoea kuwa sahihi kuhusu vitu vidogo huwa hana mazoezi ya kukiri kosa.

Machi, viongozi walipokwisha kupeana mikono na barabara zikafunguka, nilikuomba niende nanyi. Unakumbuka mama yako alivyonicheka nilivyojitayarisha? Nilivaa viatu vya kazi. Nilibeba mwavuli, kitambulisho, panga na viazi vitamu vya kulisha harusi. "Baba Mumbua," alisema, "unaenda kutembea ama unahama?"

Halafu aibu ya pale kilimani. Tulipoanza kupanda nikawaacha wote nyuma. Sikujua namna nyingine ya kutembea. Miguu yangu inajua mwendo mmoja tu, ule wa mtu anayeogopa kufuli lisifunguliwe kabla hajafika. Nikasikia kijana wenu mmoja akiita, "Buda! Unakimbilia wapi? Hakuna mtu anakungoja huko juu!" Sikusimama. Kilima cha kwanza nikakimaliza nikijisifu moyoni. Cha pili kikanitoa jasho la macho. Cha tatu nikakaa chini nikatapika viazi vyote, nanyi mkanifikia mkiongea polepole, mkiwa hamjatoa hata jasho. Ulikuja ukakaa kando yangu. Ulinipa maji, ukachukua panga na mwavuli ukavibeba wewe, na tulipoinuka ulinitangulia, hatua fupi fupi, ukinionyesha mwendo bila kugeuka nyuma kunitazama. Sijawahi kukuambia asante kwa kule kutogeuka nyuma. Asante.

Nimekuwa nikifikiri kuhusu maneno ya yule kijana. Maisha yangu yote nimetembea kama mtu anayengojwa. Na pengine watu walionihitaji kweli walikuwa nyuma.

Pale kileleni upepo ulitaka kutuvua mashati. Upande mmoja dunia iliishia ghafla, ikaanguka chini katika lile bonde kubwa, kavu, la rangi ya simba, na nchi ilikuwa ikiendelea kule chini bila nyumba wala barabara hadi macho yakachoka. Nilishika nyasi. Naam, mimi, nilishika nyasi kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake. Halafu ukanigeuza upande wa pili, ukanionyesha mji. Nilitafuta Kibera kwa muda mrefu. Ukanielekeza kwa kidole, ukasema ni ile kahawia. Nikanyoosha mkono, nikafunga jicho moja, na kidole gumba changu kikaifunika yote. Nyumba yetu, kanisa, Nyayo Highrise, mama wa mlango wa pili, wale vijana wenye rungu, makaburi mapya, vyote vikaingia chini ya ukucha. Nikaondoa kidole upesi. Niliogopa, sijui kwa nini, kama mtu aliyemziba mtu pua usingizini.

Ulikuwa umesimama karibu, ukiwa na uso ule ule wa Januari. Nilitaka kuling'oa lile neno pale pale. Nilifungua kinywa. Nikasema, "Hivi hakuna mtu anauza chai huku?"

Mkacheka wote. Na tukashuka.

Kwa hiyo sasa unajua kwamba hili si jambo la hasira tena. Hasira ilikwisha siku ya paa. Lililobaki ni ubishi wa kinywa changu, na kwa hilo itabidi nikusimulie kuhusu babu yako, halafu nitakuwa nimemaliza.

Nilipotoka nyumbani kuja Nairobi nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na shati jeupe ambalo shangazi yangu alilipiga pasi kwa mkaa hadi likasimama lenyewe. Wenzangu wa shule walikuwa wamekuja kunisindikiza hadi barabarani. Babu yako akatoka ndani na kibuyu. Alimeza funda moja, la pili akalishika kinywani, akanisogelea, akanipulizia kifuani, kama wazee wanavyombariki mtoto anayevuka mito. Maji yalinilowesha shati mbele ya wenzangu wote, na mmoja wao akaficha mdomo. Basi nikatoa leso mfukoni nikajipangusa. Niliyapangusa yote vizuri, mimi mtu wa utaratibu, hadi kwenye vifungo.

Babu yako alinitazama nikimaliza. Hakukasirika. Alisema tu, "Haya. Nenda." Akageuka na kibuyu chake, na niliporudi likizo ya kwanza tulikuwa tunamzika.

Sisemi kwamba maisha yangu yamekuwa magumu kwa sababu ya leso. Nimekuwa na kazi, nimempata mama yako, nimekupata wewe mvua ikinyesha kama leo, tukakuita Mumbua, jina la mvua kwa Kikamba. Lakini mara nyingi, nikiwa njiani alfajiri, nimejikuta nikigusa kifua changu kuona kama bado ni kikavu.

Mjomba wa Wangari, yule anayeongoza wageni Mlima Kenya, nilizungumza naye kwa simu. Nilimwambia wazi kwamba wewe ni Mkamba wa kutoka Kibera, ili kama kuna ubaya nijue mapema. Akasema, "Baba, huku juu tunauliza kitu kimoja: ako na koti?" Atakuanzisha jikoni kwa wapagazi msimu huu wa mvua, na kiangazi kikija utapanda naye. Anasema wageni huja kutoka nchi za mbali wakitaka kufika juu kwa haraka, na kazi ya anayewaongoza ni kutembea mbele yao polepole. Nilimwambia hiyo unaijua tayari. Sikumwambia kwamba uliyemtangulia hivyo ni mimi.

Kesho mlima hutauona ukiwa huku. Mawingu ya masika yameukalia, na utasafiri kuelekea kitu ambacho hakionekani. Usihofu. Mimi ni shahidi wako kwamba upo.

Na mama yako ameshateka maji, yako katika kile kikombe cha bati, amekifunika kwa kisahani. Pasta, asiyependa mila hizi, asiposikia haitamdhuru. Asubuhi, ukishasikia habari za soksi, simama kidogo mlangoni usitoke. Nitakuja. Nitasema kwa kinywa kile kile: mlima haukukulea, tumekulea sisi, na mahali popote utakapopanda wewe ni mtoto wangu, na nyumba hii ni ya kurudia. Kisha nitakupulizia maji kifuani. Najua utakuwa umevaa lile koti jipya, na Wangari atakuwa anakungoja pale nje akusindikize, na pengine majirani watakuwa wametoka kutazama.

Usijipanguse, mwanangu. Yaache yakauke yenyewe njiani.

Baba yako